Kutoka Rasimu hadi Alama: Safari ya Asaimenti Mtandaoni

Katika mfumo wa kujifunzia mtandaoni, kila kazi ya mwanafunzi huwa katika hali moja kati ya nne: haijawasilishwa, ni rasimu, imewasilishwa ili isahihishwe, au imesahihishwa. Malalamiko mengi yanayofika kwa wahadhiri mwisho wa muhula huzaliwa kati ya hali ya pili na ya tatu. Mwanafunzi anaamini ameshakabidhi, mfumo unasema kazi ni rasimu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli kwa namna yao, na ndiyo maana suala hili linahitaji kutazamwa hatua kwa hatua, tangu faili linapotoka kwenye simu hadi alama inapotua kwenye kozwaku, yaani alama za kazi za muhula.

Mfumo unaotumika zaidi katika vyuo vikuu vya Tanzania ni Moodle. Ulibuniwa na Martin Dougiamas wa Perth, Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Agosti 2002. Ni programu huria: chuo hakilipi leseni, kinaweka kwenye seva yake na kuibadilisha kitakavyo. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kinautumia, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vilevile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na WebCT na Blackboard, mifumo ya kulipia, kabla ya kuhamia Moodle. Gharama ilikuwa na sauti kubwa katika uamuzi wa namna hiyo, lakini kulikuwa na faida nyingine: mipangilio yote iko mikononi mwa chuo na mwalimu. Faida hiyo ndiyo pia chimbuko la matatizo, kwa kuwa mipangilio ambayo haikuguswa na mtu hubaki kama ilivyotoka kiwandani.

Kukabidhi kazi bila kuonana na mwalimu hakukuanza na intaneti. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa Januari 1994 kikiwa na wanafunzi waliotawanyika mikoani, na vituo vya mikoa ndivyo vilivyokuwa daraja kati yao na makao makuu. UDOM, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga, kilikuja na ndaki nzima ya kompyuta na elimu mtandao, CIVE. Hata hivyo kwa miaka mingi mfumo ulikuwa ghala la madesa: mhadhiri anapakia noti, wanafunzi wanapakua, basi. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa tena 1 Juni mwaka huohuo, swali la kazi zenyewe kupita mtandaoni halikuweza tena kuahirishwa.

Kupakia faili kuna hatua mbili ambazo kwa macho ya mwanafunzi huonekana moja. Kwanza faili husafiri kutoka kwenye simu au kompyuta hadi sehemu ya muda ya seva. Ikoni yake inaonekana, jina lake linasomeka. Pili, mwanafunzi hubonyeza kitufe cha kuhifadhi mabadiliko, na hapo tu ndipo mfumo unaandika tarehe na saa. Mtandao ukikatika kati ya hatua hizi mbili, hakuna kilichowasilishwa hata kama faili lilionekana kwenye skrini. Juu ya hayo, mwalimu anaweza kuweka sharti la hatua ya tatu: mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha na kukiri kwamba kazi ni yake. Sharti hilo likiwapo, faili lililohifadhiwa bila kubonyeza kitufe hicho hubaki rasimu. Lisipokuwapo, kuhifadhi ni kuwasilisha, na mwanafunzi anaweza kubadilisha faili hadi mlango ufungwe. Kozi mbili za muhula mmoja zinaweza kuwa na mipangilio tofauti, na wanafunzi wakahamisha mazoea ya kozi moja kwenda nyingine. Idara ingefanya hisani kubwa kuchagua mpangilio mmoja kwa kozi zake zote.

Ukubwa wa faili ni kikwazo kingine cha kawaida. Seva ina kikomo chake, kozi ina chake, na kazi husika ina chake. Kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Kwa insha iliyochapwa hakuna shida. Kwa kazi ya hisabati au michoro iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa picha kwa simu, kurasa kumi zinaweza kuzidi kikomo kirahisi, mbali na bando linaloliwa. Programu za simu zinazogeuza picha kuwa PDF moja nyepesi zimekuwa kifaa cha lazima cha mwanafunzi kama kalamu. Wasiokuwa nazo huenda stashonari, ambako mhudumu huskani, hupunguza ukubwa, na mara nyingine huombwa apakie mwenyewe kwa nywila ya mteja. Hilo la mwisho ni hatari: mwenye nywila anaweza kufuta kama anavyoweza kupakia.

Mahali mwanafunzi anapoishi napo pana nafasi yake katika kuwahi au kuchelewa; chukua mfano wa Dodoma. UDOM kiko kwenye vilima vya upande wa mashariki na kusini-mashariki mwa jiji, na wanafunzi wanaoishi chuoni hutumia mtandao wa chuo. Anayekaa Zuzu, upande wa magharibi kwenye reli ya kati, hutegemea simu na bando lake. Zuzu yenyewe inajulikana nchini kwa kituo cha kupozea umeme kilicho kwenye njia kuu ya kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Kukaa jirani na nyaya hizo hakumhakikishii mtu chaji. Wakati wa mgawo wa umeme ulioanza Septemba 2023 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2024, nyumba za jirani na kituo zililala gizani sawa na nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 ikawa zamu ya intaneti: nyaya za SEACOM na EASSy zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na huduma ikayumba katika Tanzania nzima na nchi jirani. Mfumo hauoni lolote kati ya hayo. Unaona saa ambayo faili lilifika.

Programu ya simu ya Moodle inasaidia kwa kiasi. Chuo kikiruhusu kutumika kwake, mwanafunzi anaweza kupakua maelekezo akiwa na mtandao, akaandaa jibu bila mtandao, na programu ikatuma yenyewe mawasiliano yanaporudi. Ila saa inayoandikwa ni ya kufika, si ya kuandaa. Mwisho ukiwa usiku wa manane, anayemaliza saa 3 usiku na kupata mtandao asubuhi atahesabiwa amechelewa.

Hapa ndipo tarehe zinapokuwa na uzito. Moodle ina tarehe mbili za mwisho, na tofauti yake haijulikani na wengi, wakiwamo walimu. Ya kwanza ni siku ya kukabidhi: ikipita, kazi bado inapokelewa lakini inawekewa alama ya kuchelewa, na muda wa kuchelewa unaonekana. Ya pili ni ya kufunga mlango: ikipita, hakuna kinachopokelewa isipokuwa mwalimu amempa mwanafunzi husika nyongeza ya muda. Mwalimu asiyeweka tarehe ya pili ameacha mlango wazi bila kujua. Anayeweka zote mbili dakika moja ameufunga kwa nguvu pia bila kujua. Mpangilio wenye busara katika mazingira ya umeme na mtandao unaoyumba ni kuziachanisha kwa siku mbili au tatu, na kutangaza mapema kama kuchelewa kuna adhabu na ni kiasi gani.

Saa nayo ina mtego. Mfumo huandika saa kwa hesabu ya kimataifa, na mwanafunzi husoma saa kwa hesabu ya Kiswahili. Saa 23:59 ni saa 5 na dakika 59 usiku, jambo ambalo halimsumbui mtu. Tatizo ni saa 00:00 ya tarehe 15: wengi huisoma kuwa ni usiku wa tarehe 15, wakati huo ndio mwanzo kabisa wa tarehe hiyo, usiku unaofuata mchana wa tarehe 14. Mtu anapoteza siku nzima. Tena desturi ya kuweka mwisho wa kukabidhi usiku wa manane haina sababu ya msingi. Saa 10 alasiri ya siku ya kazi ina faida mbili: seva haielemewi na watu wote wakati mmoja wa usiku, na kikitokea chochote kuna fundi ofisini wa kupigiwa simu.

Kazi za makundi ni nyingi katika vyuo vya Tanzania kwa sababu ya wingi wa wanafunzi. Mfumo huruhusu mmoja apakie kwa niaba ya kundi, na alama igawiwe kwa wote. Huruhusu pia sharti kwamba kila mwanakikundi athibitishe kabla kazi haijahesabiwa kuwa imewasilishwa. Sharti hili lina nia njema lakini hukwamisha: mwanakikundi mmoja asiye na bando anaweza kuwazuia wenzake saba. Na haliponyi ugonjwa uliokusudiwa, ule wa mwanakikundi asiyefanya kazi. Yule ambaye jina lake limeandikwa kwa kuwa alichangia pesa ya kuchapa atathibitisha kwa haraka kuliko wote. Dawa ya maana zaidi ni kumtaka kila mmoja aandike aya fupi, peke yake, akieleza sehemu aliyoifanya na mahali alipopingana na wenzake.

Baada ya kufika, kazi nyingi hupitishwa kwenye programu ya kulinganisha maandishi, na maarufu zaidi ni Turnitin, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. Inachotoa ni asilimia ya maneno yanayofanana na maandishi mengine yaliyo kwenye hifadhi yake. Si asilimia ya wizi. Orodha ya marejeleo, swali lenyewe lililonakiliwa na ukurasa wa mbele wenye jina la chuo vyote huongeza namba. Mwalimu anayeweka kikomo na kukataa kila kinachokizidi bila kufungua ripoti amekabidhi hukumu kwa mashine isiyodai kuwa hakimu. Kwa Kiswahili kasoro iko upande wa pili. Vitabu vingi vya fasihi na isimu ya Kiswahili havimo mtandaoni kama maandishi yanayosomeka kwa kompyuta, kwa hiyo insha iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu cha maktaba inaweza kutoka safi. Makala ya Kiingereza iliyotafsiriwa kwa programu nayo inaweza kupita. Kwa kozi za Kiswahili, mwalimu anayezijua rejea zake bado ni mlinzi bora.

Akili bandia imezidisha ugumu. ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022, na Aprili 2023 Turnitin ikaongeza kipengele cha kukisia maandishi ya mashine. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu kadhaa za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ingawa ziliandikwa na binadamu. Sababu waliyoitoa ni kwamba msamiati mwembamba na sentensi zinazotabirika ndizo alama ambazo programu hizo huziwinda, na ndizo zinazoonekana kwa mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani. Wanafunzi wa Dodoma wanaoandika kwa Kiingereza wako katika kundi hilohilo. Matokeo ya programu hizo, yakisimama peke yake, hayatoshi kumfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu.

Kisha huja kusahihisha, na hapo hesabu ni kali. Darasa la watu 300, kila insha ikipewa dakika 15, linahitaji saa 75 kwa asaimenti moja. Mhadhiri mwenye kozi tatu hana saa hizo. Kinachotokea ni alama bila maelezo, au maelezo ya maneno mawili. Mfumo una zana nzuri: mwalimu anaweza kuandika juu ya PDF, kuhifadhi maoni anayoyarudia mara kwa mara, au kupakua karatasi ya alama na kuijaza bila mtandao. Zana hizo hupunguza dakika 15 labda hadi 10. Haziongezi wasahihishaji.

Wasahihishaji wapo, nao ni wanafunzi wenyewe. Moodle ina shughuli iitwayo warsha, ambayo mwanafunzi huwasilisha kazi yake na kisha kupewa kazi za wenzake azitathmini. Ina awamu tano: maandalizi, kuwasilisha, kutathmini, kukokotoa alama, na kufunga. Kila mtu akipewa kazi tatu, darasa la 300 linazalisha tathmini 900, idadi ambayo hakuna mwalimu atakayeifikia. Inashangaza kwamba zana hii, ambayo imekuwamo bila malipo miaka yote, hutumiwa kidogo.

Pingamizi la kwanza dhidi yake ni kwamba wanafunzi hawawezi kusahihisha. Ushahidi hauliungi mkono sana. Nancy Falchikov na Judy Goldfinch walikusanya tafiti 48 mwaka 2000 na kukuta kwamba alama za wanafunzi zilikaribiana na za walimu, hasa wanafunzi walipotakiwa kutoa hukumu moja ya jumla kwa vigezo wanavyovielewa vizuri. Zilitofautiana zaidi walipotakiwa kutoa alama kwa vipengele vingi vidogo. Matokeo haya yanapingana na mazoea ya kutengeneza jedwali la vigezo kumi na mbili, kila kimoja na alama zake, kwa kudhani kwamba kugawanya ni kuhakikisha haki.

Kutokana na hilo warsha nzuri hutenganisha alama na maoni. Alama iwe moja, ya jumla. Maoni yaulizwe kwa maswali madogo yasiyojibika kwa adabu tupu. Chukua insha inayouliza kwa nini uwele na mtama humudu Dodoma kuliko mahindi. Swali “Je, kazi ni nzuri?” litaleta jibu “Ndiyo, hongera.” Maswali yafuatayo hayaruhusu jibu hilo: nakili sentensi inayobeba hoja kuu ya mwandishi, je, ametaja kiasi cha mvua cha Dodoma na mahali alipokipata, je, ameeleza kwamba mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwamba vipindi vya kiangazi katikati ya msimu huliumiza hindi linapotoa mbelewele, taja dai moja lisilo na ushahidi. Anayejibu maswali hayo kwa kazi tatu za wenzake anarudi kwenye insha yake na kuona kwamba naye hakutaja chanzo cha mvua. Faida hiyo humfikia mtathmini kabla hata mtathminiwa hajasoma neno.

Pingamizi la pili ni undugu, na hili lina uzito. Wanafunzi wa mwaka mmoja wanalala bweni moja, wana CR (mwakilishi wa darasa) mmoja, na wanakopeshana pesa bumu, yaani mkopo wa masomo, linapochelewa. Nani atampa rafiki alama 40? Mfumo unajibu kwa njia tatu. Ugawaji wa kazi unaweza kufanywa kwa bahati nasibu na kuzuia watu wa kundi moja kutathminiana. Majina yanaweza kufichwa, ingawa kuficha jina la mwandishi ni ruhusa ambayo mwalimu au msimamizi wa mfumo anapaswa kuiweka, nayo inavunjwa na mwanafunzi anayeandika jina na namba ya usajili kwenye ukurasa wa kwanza wa faili kama alivyozoea. Njia ya tatu ni kuitathmini tathmini yenyewe.

Katika warsha kila mwanafunzi hupata alama mbili: moja ya kazi aliyoandika na nyingine ya ubora wa tathmini alizozitoa. Mpangilio wa awali ni 80 kwa ya kwanza na 20 kwa ya pili. Kwa kila kazi, mfumo hutafuta wastani wa tathmini zote, huichagua iliyo karibu zaidi na wastani huo kuwa bora, na kuzipima nyingine kwa umbali wao kutoka kwake. Mwalimu huchagua ukali wa kipimo. Watathmini wakiwa wawili tu, wote wako umbali sawa kutoka kwenye wastani na wote hupata alama kamili, kwa hiyo watatu ndio idadi ya chini yenye maana, na watano ni salama zaidi.

Udhaifu wa kanuni hii uko wazi: inawatunza walio wengi hata wanapokosea. Marafiki wawili wakiipa kazi mbovu alama 95 na mgeni akaipa 50, anayepoteza ni yule aliyesema kweli. Kuna kinga mbili. Mwalimu anaweza kuweka mifano ya kazi ambazo ameshazisahihisha mwenyewe, na kumtaka kila mwanafunzi aitathmini kwanza na kulinganisha hukumu yake na ya mwalimu kabla hajaruhusiwa kugusa kazi za wenzake. Pia anaweza kutathmini kazi chache mwenyewe na kuipa tathmini yake uzito mkubwa kuliko za wanafunzi. Kazi za kuchagua kwa ajili hiyo ni zile ambazo watathmini wake wametofautiana sana. Mfumo huonyesha tofauti hizo kwenye jedwali moja. Mwalimu anayesoma kazi 30 zenye mgogoro kati ya 300 ametumia saa saba na nusu badala ya 75, na amezitumia mahali zinapohitajika.

Kwa kuwa kozwaku katika vyuo vingi nchini huchukua alama 40 kati ya 100, na mtu anaweza kusapu, yaani kurudia mtihani, kwa kukosa alama moja, ni halali kuuliza kama alama ya rika iingie kwenye hesabu hiyo kabisa. Jibu la tahadhari ni kuiacha warsha kwa rasimu, bila alama au kwa alama chache, na kumwachia mwalimu toleo la mwisho. Utafiti wa Ruth Butler, uliofanywa kwa wanafunzi wa Israeli na kuchapishwa mwaka 1988, unaunga mkono mpangilio huo kwa sababu nyingine: waliopewa maoni peke yake waliimarika, na waliopewa maoni pamoja na alama hawakuimarika kuliko waliopewa alama tupu. Alama ikishaonekana, maoni hayasomwi.

Kinachobaki ni kurudisha. Mwalimu anaweza kuachia alama za darasa zima kwa wakati mmoja, jambo linalozuia zogo la nusu ya darasa kuona na nusu kutoona. Taarifa hutumwa kwa barua pepe ya chuo ambayo wengi hawaifungui, ndiyo maana habari kamili husambaa pale CR anapoandika kwenye kundi la WhatsApp. Anayetaka kupinga alama anahitaji vitu viwili: barua pepe ya uthibitisho ambayo mfumo hutuma kazi inapopokelewa, kama chuo kimeiwasha, na nakala ya maoni aliyopewa. Barua pepe hubaki kwake, lakini maoni hukaa ndani ya kozi. Muhula ukiisha na kozi ikifichwa ili kupisha wanafunzi wapya, kazi, maoni na tathmini za wenzake hutoweka machoni pa mwanafunzi, hata kama seva bado inavihifadhi. Kuvipakua ni kazi ya dakika chache, na inafaa ifanyike kabla ya wiki ya UE, mitihani ya mwisho ya muhula, kwa sababu baada ya hapo mlango unaweza kufungwa bila tangazo.